Vumbi Ndani ya Barua ya Daktari

Jumapili iliyopita, tulipokuwa tukipanga viti baada ya ibada, mmoja wenu aliniuliza, "Papa Furaha, kwani kabla ya kustaafu ulikuwa unafanya kazi gani hasa?" Nikamjibu kwamba nilikuwa natibu karatasi zinazougua. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Eish, Papa! Karatasi inaugua?"

Inaugua, mwanangu. Inapata madoa, inapata ukungu, na ukiichelewesha inakufa kabisa, inabaki makombo mkononi. Basi nimeona niwaandikie ninyi vijana wa kanisa letu hapa Troyeville, tena kwa Kiswahili, maana najua mnakielewa hata mnaponijibu kwa Kizulu. Someni polepole. Mkikwama waulizeni mama zenu, watafurahi kuona mnawauliza jambo.

Kazi hiyo niliipata kwa mlango wa nyuma. Kule Bukavu nilikuwa nashona vitabu katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha misheni, na kabla ya hapo nilisoma miaka mitatu shule ya wahubiri. Nilipofika Johannesburg hakuna aliyehitaji mhubiri wala mshonaji wa vitabu. Nikawa mlinzi wa jengo moja la ofisi huko Randburg. Mezani kwangu palikuwa na daftari la wageni, limechanika mgongo, kurasa zinaanguka kila mtu anapotia sahihi. Sikuweza kulitazama. Nikaleta sindano na uzi kutoka nyumbani, na kwa siku mbili za zamu nikalishona upya kama tulivyokuwa tukishona vitabu vya nyimbo. Wiki hiyohiyo akaja mama mmoja, akatia sahihi, akalifunga daftari, akaligeuza, akapitisha kidole mgongoni mwake.

"Nani amelishona hili?"

Nilidhani nimeharibu mali ya kampuni. Nikasema, "Samahani, mama, ni mimi."

"Unaomba samahani ya nini? Unalipwa kufungua geti na una mikono kama hiyo?"

Huyo ndiye Mama Nomvula. Alikuwa na karakana ya kutengeneza nyaraka Braamfontein, ghorofa ya pili, juu ya duka la fotokopi. Alinifundisha kila kitu ninachotaka kuwaeleza, kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kizulu, nami nitamwandika hapa kwa Kiswahili chetu. Nilikaa naye mpaka nilipostaafu mwaka 2019, na sijawahi kumaliza kumshukuru Mungu kwa lile daftari bovu.

Tulikuwa wawili tu. Makanisa yalituletea vitabu vya ubatizo, familia zilituletea vyeti vya babu zao, maktaba zilituletea ramani. Mambo ya kwanza aliyonifundisha ni haya: nawa mikono na ikauke, usivae glavu za kitambaa maana zinakunyima hisia ya vidole, tumia kalamu ya risasi peke yake, na gundi upike mwenyewe. Gundi yetu ilikuwa ya wanga wa ngano na maji, inakorogwa upande mmoja bila kuacha mpaka ing'ae, kisha inapitishwa kwenye chujio. Faida yake ni kwamba, mtu akitaka kuibandua baada ya miaka mia, anailainisha kwa maji na inaachia. Mama alikuwa akisema tusimfungie mlango mtu atakayekuja baada yetu.

Siku moja umeme ulikatwa kwa zamu Braamfontein, nikabeba sufuria kwenda kupikia nyumbani kwenye gesi. Nikaiacha ipoe, nikaenda kuoga. Kesho yake kazini nikabandika vipande vitatu vya ramani. Baada ya siku mbili sisimizi walikuwa wamepanga foleni kwenye mto wa Limpopo. Mke wangu, Mama Furaha, alikuwa ameonja sufuria, akaona uji umekosa sukari, akanitilia vijiko vitano. Nilipomuuliza alinijibu, "Mume gani anapika uji wa kubandikia ramani asimwambie mkewe?" Nilizibandua zile karatasi zote kwa maji ya uvuguvugu, polepole, nikajua kwa vitendo maana ya gundi inayoachia.

Sasa nije kwenye lile sanduku. Nililigusa miaka yangu mitatu ya mwisho kazini, na nilikaribia kunyang'anywa kwa kosa langu mwenyewe.

Lililetwa na Mwalimu Wairimu, Mkenya anayefundisha historia ya sayansi chuoni. Lilikuwa la bati, limejaa barua za Waingereza wawili wa karne ya kumi na tisa. Mmoja alikuwa mchungaji wa kanisa la kijijini, mwingine daktari wa mjini. Kitukuu wa mchungaji aliishi hapa Johannesburg, na alipozeeka akalitoa sanduku kwa watafiti. Wale mabwana wawili hawakuwa maprofesa. Mchungaji aliongoza ibada, akazika wafu, na baada ya hapo akatambaa kwenye kuta za kanisa akichunguza makangaga, yale majani yasiyo na maua ambayo chini yake pana vumbi la kahawia. Vumbi hilo ndilo mbegu yake. Daktari naye alikuwa hivyohivyo, akitoka kwa wagonjwa anakimbilia makangaga yake. Kwa zaidi ya miaka ishirini walionana mara mbili tu. Urafiki wao wote na elimu yao yote vilipita posta. Walitumiana majani makavu, michoro, maswali, na ubishi. Mchungaji alikuwa pia mtu makini: kila jibu aliliandika kwanza kwa rasimu, na rasimu akaitunza. Ndiyo maana sanduku moja lilikuwa na sauti zote mbili.

Barua hizo zingewashinda ninyi mnaoandikiana kwa simu. Katika miaka yao ya mwanzo aliyepokea ndiye aliyelipa posta, na kila karatasi iliyoongezwa ilipandisha gharama. Kwa hiyo Daktari alijaza ukurasa kwa mistari ya kawaida, kisha akaugeuza ubavu na kuandika tena juu ya maandishi yale yale, mistari ikikatana kama ukili wa mkeka. Hata posta iliposhuka bei hakuacha, alishazoea. Mara ya kwanza nilidhani ni mtoto amechezea. Mama Nomvula akanionyesha namna: weka karatasi karibu usawa wa macho, uitazame kwa kuilaza, si kutoka juu. Mistari inayokwenda mbele yako inasimama, ile inayokatiza inazama. Jaribuni. Nilipoona sentensi ya kwanza ikiinuka kutoka kwenye ule mkeka, nilisema haleluya kwa sauti, watu wa fotokopi chini wakasikia.

Wino wao nao ulikuwa na chuma ndani yake, na chuma hula karatasi. Herufi nzito zilikuwa zimetoboka, ukiinua ukurasa dhidi ya dirisha unaona nuru inapita kwenye umbo la neno. Hapo unaziba kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi nzito isiyo na maji mengi, maana maji yakizidi wino unaanza kula tena. Nilipenda kazi ile. Nilikuwa nikimwombea kila mmoja wao kabla sijaanza, ingawa walishafika walikokwenda. Mama Nomvula alinitania, "Baba, unamwombea mteja aliyekufa, na mimi ninayekulipa je?" Nikamwambia yeye namwombea nyumbani kwa sababu orodha yake ni ndefu.

Utaratibu wetu ulikuwa huu: nasafisha barua, naipiga picha, picha inakwenda kwa Mwalimu, Mwalimu anasoma. Kusafisha kwanza, kusoma baadaye. Hakuna aliyeona tatizo.

Ilikuwa mwezi wa nane. Mnajua upepo wa mwezi wa nane hapa kwetu, unavyochota vumbi la njano kutoka vilima vya taka za migodi na kulimwaga kila mahali, kwenye chai, kwenye shuka, kwenye meno. Madirisha yetu hayakufunga vizuri. Nilichukua barua moja ya Daktari iliyokunjwa mara tatu, nikaifungua, na kwenye kunjo la tatu nikaona vumbi. Mikono yangu ikafanya ilichofundishwa Bukavu. Kule kwenye misheni kitabu hakikabidhiwi bila kukung'utwa. Msimamizi wetu alikipuliza mbele yako, na kikitoa vumbi alikurudishia. Nikaiinua barua, nikaikung'uta juu ya kapu, nikamalizia kwa brashi laini. Kunjo likawa jeupe. Nilijisifu hata. Kapu lilimwagwa jioni ile.

Alhamisi iliyofuata Mwalimu Wairimu akapanda ngazi zetu mbili mbili, na kompyuta yake imefunguliwa mkononi.

"Mzee, nimeipata! Sikiliza. Daktari anamwambia Mchungaji, ndani ya kunjo la tatu nimekuwekea vumbi la kangaga langu, liweke chini ya hadubini uniambie kama linafanana na la ukuta wa kanisa lako. Unajua hii ni nini? Kila mtu anasema huyo Mchungaji alikuwa anakisia tu mambo ya makangaga. Nikiwa na hiyo vumbi naweza kuonyesha alikuwa anaona nini kwa macho yake. Nimengoja kitu kama hii miaka miwili. Iko wapi hiyo barua?"

Nikaitoa kwenye bahasha yake. Akaifungua pole pole, kunjo la kwanza, la pili, la tatu. Akainama karibu.

"Mbona iko safi hivi? Vumbi imeenda wapi?"

Mwalimu akakaa chini, akavua miwani. "Labda ilimwagika njiani. Miaka mia na hamsini, Mzee, bahari, meli, watoto wa watu. Labda, sindio?"

Nami nikasema, "Labda."

Neno moja, wanangu, lakini nililibeba kutoka Braamfontein mpaka Troyeville. Basi liliposimama kwenye robot, zile taa za barabarani, nililisikia, na lilipoondoka nililisikia. Nilijua nikisema kweli, chuo kinaweza kulichukua sanduku na kulipeleka karakana nyingine. Mama Nomvula angepoteza kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa, na mimi ningemaliza miaka yangu ya kazi nikiitwa mtu aliyetupa mbegu ya Daktari kwenye kapu la taka. Na nikinyamaza, hakuna mtu duniani angejua.

Jumapili ilikuwa zamu yangu kuongoza sala ya toba. Nilisimama mbele yenu, mnaweza msikumbuke, na nikaifupisha kiasi kwamba nilipomaliza mpiga kinanda alikuwa bado anageuza ukurasa. Nyumbani Mama Furaha aliweka sahani mezani akaniangalia.

"Leo umeimba wimbo wa furaha na sura ya mtu anayeumwa jino. Kuna nini?"

Nikamweleza yote. Akafikiri.

"Kwa hiyo umemficha yule dada Mkenya kwa sababu ya vumbi."

"Si vumbi tu, mama."

"Kama si vumbi tu, ndiyo umwambie upesi. Kula, ugali unapoa."

Jumatatu nilimkuta Mama Nomvula anakoroga gundi. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kofia mkononi. Hakuacha kukoroga, maana ukiacha inashika madonge.

"Uliikung'uta?"

"Niliikung'uta."

"Namna gani? Kama shuka?"

"Kama kitabu cha nyimbo."

"Hawu, Baba." Akazima jiko. Mabega yake yakatikisika kidogo, nikaona anacheka, halafu hacheki tena. "Utaratibu wa kusafisha kabla ya kusoma ni wangu, si wako. Lakini kulisema ni juu yako. Mpigie simu."

Mwalimu alikuja mchana. Nilimwambia, "Mwalimu, siku ile nilisema labda. Haikuwa labda. Kulikuwa na vumbi kwenye kunjo, nami ndiye niliyelikung'uta." Nilitamani anigombeze. Akasema kwa sauti ndogo tu, "Mzee, mimi nilikuwa nimeshawaambia watu kule idarani kwamba iko." Akasema ni lazima aandike ripoti, na idara inaweza kulihamisha sanduku. Mpaka hapo nisiguse barua yoyote, isipokuwa zile tano zilizokuwa tayari kwenye kasha la unyevu.

Kasha hilo ni jambo la kujua. Barua zikiwahi kulowa na kukauka pamoja zinagandana kama mkate, na ukizivuta kavu zinachanika. Basi unaziweka kwenye kasha lenye kitambaa chenye maji chini na wavu katikati, zisiguse maji, zivute mvuke tu. Ukizisahau zinaota ukungu. Mwalimu alilielewa hilo. "Maliza hizo tano, lakini mimi nitakuwepo," akasema. Sikuona uchungu. Mtu aliyekung'uta anastahili kuangaliwa.

Ijumaa tukakaa watatu mezani. Nikaingiza kijiti cha mfupa kati ya barua ya kwanza na ya pili, upana wa ukucha, nikangoja. Mnaona, katika kazi hii kungoja ndiyo sehemu kubwa. Karatasi inaachia ikitaka. Mara hii tulisoma kwanza: kila ukurasa uliponyanyuka, Mwalimu aliulaza kwenye mwanga akausoma kabla sijagusa brashi. Ya kwanza ilikuwa bili ya mishumaa ya kanisa. Ya pili ilikuwa rasimu ya Mchungaji, mwandiko wake mdogo ulioinama. Mwalimu akaanza kututafsiria huku kidole kikienda hewani juu ya mistari.

"Anamshukuru Daktari kwa barua... anasema ameipokea Jumanne... anasema ana aibu kubwa. Aliifungua dirishani apate mwanga, na alikuwa na mafua... ngoja. Ngoja kwanza." Akanyanyuka kwenye kiti. "Mzee! Amepiga chafya!"

"Nani?"

"Mchungaji! Amefungua kunjo la tatu na amepiga chafya ndani yake! Vumbi yote imeruka dirishani. Anasema alitambaa sakafuni na mfanyakazi wake wa nyumbani wakitafuta na mshumaa. Anasema alifikiria kumwambia Daktari kwamba barua ilifika tupu, na kwamba aliiandika sentensi hiyo, akaifuta." Akageuza ukurasa kwenye nuru. "Ni kweli. Imefutwa hapa. Bado unaisoma chini ya mstari."

Niliiangalia ile sentensi iliyokatwa kwa mstari mmoja wa wino. Machozi yalinitoka na kicheko kikanitoka, vyote pamoja, nikarudi nyuma haraka nisidondoshee karatasi.

Mama Nomvula akanigonga bega. "Basi wewe ulikung'uta vumbi la migodi, Baba. Vumbi la hapa Joburg. Mwalimu akilitaka, nje lipo la bure."

"Huenda zilibaki chembe mbili tatu," nikasema.

"Huenda," akasema Mwalimu, na safari hii alikuwa anacheka. "Lakini endelea, Mzee. Zimebaki tatu."

Ya tatu na ya nne zilikuwa za mambo ya shule ya kijiji. Ya tano ilikuwa ya Daktari, na ilikuwa nzito katikati. Tuliisoma kwanza. Alimsamehe rafiki yake kwa mistari miwili, akamcheka kwa ukurasa mzima, akamtumia vumbi mara ya pili, sasa ndani ya kijikaratasi kilichokunjwa kama hirizi na kupigwa lakiri nyekundu. Juu yake ameandika kifunguliwe mbali na pua. Lakiri ilikuwa nzima. Hatukujua kwa nini Mchungaji hakuifungua. Labda aliugua, labda alihamishwa. Barua za baada ya hapo hazikuwemo sandukuni.

Mwalimu alitoa ripoti yake mkobani. Alikuwa ameichapa tangu Jumanne na hajaituma. Akasema ataiandika upya, yote, kosa na chafya na kijikaratasi, na idara ikiisoma yeye mwenyewe atawaomba sanduku libaki hapa. Lilibaki. Jibu lao lilikuja wiki mbili baadaye, na siku hiyohiyo akarudi na kioo kidogo cha hadubini, akasukuma kile kijikaratasi mbele yangu.

"Mimi?" nikauliza.

"Nani mwingine ana mikono hiyo?"

Mama Nomvula alibandika gazeti kwenye nyufa za madirisha. Nilijifunga leso puani, nikaomba kimya kimya, nikapitisha kisu chembamba chini ya lakiri. Ilinyanyuka nzima kama kifungo cha shati. Ndani palikuwa na vumbi la kahawia, kiasi cha kufunika ukucha wa mtoto, limekaa lilivyowekwa. Hakuna aliyepumua mpaka Mwalimu alipolifunika kwa kioo.

Kwa utaratibu wa kazi, kila kitu kinachofunguliwa hupata bahasha mpya, na juu ya bahasha huandikwa nani amekifungua na lini. Nikaandika jina langu na tarehe kwa kalamu ya risasi. Kisha nikachukua bahasha ya ile barua ya kwanza, nikaongeza mistari miwili: vumbi la barua hii lilipotea kwa chafya ya aliyeipokea, vumbi lililoonekana baadaye katika kunjo la tatu lilikung'utwa na mimi, kabla barua haijasomwa.

Mwalimu aliisoma kwa kuinama begani kwangu. "Mzee, hiyo si lazima uiandike. Imeshapita."

"Ni lazima, Mwalimu," nikamwambia. "Kuna mtu atakayeifungua baada ya miaka mia. Asije akatambaa sakafuni kutafuta."